Sindano ya Miezi 18

Katika vijiji vya Taita, kama katika vijiji vingine vingi, umri wa mtoto mdogo huhesabiwa kwa mambo ayafanyayo kuliko kwa tarehe. Alikuwa wa kubebwa, akawa wa kukaa, akawa wa kutambaa, sasa anatembea. Siku anapokivuka chumba kwa miguu yake mwenyewe bila kushikwa, nyumba nzima hushangilia, na babu huitwa kuja kutazama. Tangu siku hiyo mtoto amekuwa mtu. Na kile kijitabu cha kliniki, kilichosafiri naye tangu wiki ya kwanza ya maisha yake, hufungwa katika mfuko wa nailoni na kutiwa sandukuni pamoja na hati za shamba na vyeti vya shule.

Hapo ndipo kosa hutendeka, tena hutendeka kwa furaha. Katika utaratibu wa chanjo wa Kenya, mtoto afikapo miezi 18 bado anaidai Serikali sindano moja, nayo ni ya pili ya kuzuia surua na rubela. Kwa miaka mingi hesabu za chanjo nchini zimeonyesha habari ile ile: watoto waliopata sindano ya kwanza ya surua ni wengi, na waliorudi kupata ya pili ni wachache kuliko hao. Si kwamba wazazi wao waliikataa. Wengi waliipeleka mara ya kwanza bila kusukumwa na mtu. Ila mtoto alikuwa amekwisha kutembea.

Ili kulielewa jambo hili, yafaa kuifuata safari nzima ya mtoto tangu kuzaliwa kwake, hatua za kukua upande mmoja na chanjo upande wa pili, maana mambo hayo mawili hayakuwekwa pamoja kwa kubahatisha. Na ikiwa ni safari, hapana mahali pafaapo kuanzia kuliko Mraru.

BASI LA MABIBI

Mraru iko upande wa milima ya Taita, si mbali na mji wa Voi. Lakini maneno haya, si mbali, hutegemea ni nani ayasemaye. Kwa mwenye motokaa ni mwendo mdogo. Kwa mama mwenye mtoto mgongoni, na jua la nyika ya Voi liwakalo tangu saa nne ya asubuhi, na katika majira mengine tembo waliotoka Tsavo wakizungukazunguka karibu na njia, ni safari ya kufikiriwa tangu jana yake.

Mabibi wa Mraru walilijua hilo kabla ya maofisa wengi kulijua. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mabasi yaliyoteremka kutoka milimani kwenda Voi yalifika kwao yakiwa yamekwisha kujaa, nao walibaki kando ya njia na vikapu vyao. Mwaka 1971 wakaunda kikundi. Walichanga fedha kidogo kidogo, wakakopa pia, na mwaka 1975 wakanunua basi lao wenyewe. Habari zao zilichapwa katika kijitabu huko Marekani mwaka 1980, na watu wa nchi za mbali wakasoma jinsi mabibi wa kijiji kimoja cha Taita walivyojipatia njia ya kufika mjini.

Wasomaji wa kijitabu kile waliangalia zaidi habari ya soko na faida. Lakini mjini Voi hakuna soko tu. Pana hospitali, na mama asiyeweza kulifikisha tenga lake la mboga sokoni hawezi vile vile kumfikisha mtoto wake kwa mwuguzi. Mwaka ule ule wa 1980 Kenya ilianzisha mpango wa taifa wa chanjo za watoto, ikifuata mpango ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1974. Tangu hapo dawa hutolewa bure katika vituo vya Serikali. Nauli haitolewi bure, wala siku ya kazi ikipotea hairudishwi na mtu. Leo ziko matatu na pikipiki za kukodi, na zahanati zimekwisha kujengwa katika vijiji vingi. Walakini mama wa leo angali anapiga hesabu ile ile aliyoipiga nyanya yake: je, safari hii ina maana ya kutosha hata niiache kazi ya leo?

Jibu la haki ni kumweleza maana ya kila safari.

MTOTO MCHANGA

Mtoto azaliwapo huwa na akiba ya kinga aliyopewa na mama yake tumboni. Akiba hiyo yamfaa katika baadhi ya maradhi, surua ikiwa mojawapo, lakini hupungua mwezi kwa mwezi mpaka ikaisha. Katika maradhi mengine haimfai hata siku ya kwanza. Kifua kikuu ni moja. Kwa hiyo kabla hajatoka hospitalini, au mara baada ya kuletwa kama amezaliwa nyumbani, mtoto hupewa BCG, chanjo iliyotengenezwa na Wafaransa wawili, Calmette na Guérin, na kutumiwa kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1921. Ndani yake mna vijidudu hai vilivyodhoofishwa. Haizuii kila namna ya kifua kikuu, lakini huwakinga watoto wadogo na ile iliyo kali kabisa, yaani ile iingiayo katika utando wa ubongo.

Sindano hiyo hupigwa katika ngozi ya mkono wa kushoto, chini ya kiwiko. Baada ya wiki chache hutokea kipele, kikapasuka na kutoa maji, kisha kikapona na kuacha kovu. Mama wengi huona kidonda na kushtuka, wakapaka mafuta, au majani yaliyotwangwa, au unga wa vidonge. Kisipakwe kitu. Kidonda hicho ni dalili kwamba mwili umeanza kazi yake.

Siku hiyo hiyo mtoto hutiwa matone ya polio kinywani, na hapo neno lenyewe chanjo limekwisha kupita maana yake ya zamani. Kuchanja ni kupasua ngozi, kama vile mtu achanjavyo chale, kwa kuwa chanjo ya kwanza duniani, ile ya ndui iliyojaribiwa na daktari Mwingereza Edward Jenner mwaka 1796, ilitiwa kwa kukwaruza mkono. Matone ya polio hayakwaruzi chochote. Ni chanjo vivyo hivyo.

TABASAMU LA WIKI YA SITA

Kati ya wiki ya nne na ya sita jambo kubwa hutokea: mtoto hutabasamu kwa kumjibu mtu. Si lile tabasamu la usingizini ambalo wazee husema amechekeshwa na malaika, bali tabasamu la kumtazama mama usoni na kumjua. Ndio wakati wa kurudi kliniki. Mwuguzi mwenye akili haanzi na sindano. Humtazama mtoto kwanza, humwuliza mama kama anatabasamu, kama anashtuka mlango ukipigwa, kama anayafuata mambo kwa macho. Kisha humtia katika mzani na kuandika alama katika mchoro wa kukua ulio kijitabuni.

Zamu za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 hufanana, na kwa sababu hiyo mama wengine huuliza mbona mtoto adungwe dawa ile ile mara tatu. Jibu ni kwamba mwili nao hufundishwa kama mtoto wa shule. Somo la kwanza hulisikia, la pili hulikumbuka, la tatu hulishika. Mtoto aliyepata sindano moja akaachwa ni kama mwanafunzi aliyetolewa shuleni baada ya kujifunza herufi za mwanzo tu.

Dawa kubwa ya zamu hizo huitwa pentavalenti, kwa maana ya kukinga maradhi matano, nayo imetumiwa Kenya tangu mwaka 2001. Hupigwa katika paja la kushoto. Maradhi yenyewe ni dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini ya namna ya B, na vijidudu vya Hib viletavyo homa ya uti wa mgongo na nimonia. Namna zake zimetengenezwa mbalimbali. Ya pepopunda na ya dondakoo haina kijidudu hata kimoja. Ni sumu ya vijidudu hivyo iliyovunjwa ukali, ili mwili uijue bila kudhuriwa nayo. Ya kifaduro ni vijidudu vilivyouawa. Ya homa ya ini ni kipande tu cha ganda la virusi. Kwa kuwa hazina kitu kilicho hai cha kuzaana mwilini, hazitoshi mara moja, lazima zirudiwe. Chanjo zilizo hai, kama BCG na ile ya surua, hufundisha kwa nguvu zaidi, ila nazo zina udhaifu wao utakaoelezwa mbele.

Katika paja la kulia mtoto hupigwa ya kuzuia nimonia, iliyoongezwa mwaka 2011, na kinywani hutiwa matone ya kuzuia kuhara kuletwako na virusi vya rota, yaliyoongezwa mwaka 2014. Polio nayo ina sura mbili: matone yaliyo na virusi hai vilivyodhoofishwa, na sindano ya virusi vilivyouawa, ambayo hupigwa katika zamu ya wiki ya 14. Barani Afrika polio ya asili ilitangazwa kuwa imekomeshwa tarehe 25 Agosti 2020, lakini chanjo haijaachwa, kwa kuwa virusi havina pasipoti na bado viko katika nchi nyingine za dunia.

Usiku wa siku hiyo mtoto huenda akawa na homa kidogo, na paja likavimba. Hali hiyo hupita kwa siku moja au mbili. Homa ikizidi hapo, au mtoto akikataa kunyonya, arudishwe kwa mwuguzi, wala mama asione haya kwamba anasumbua.

Katika kipindi hiki hiki shingo hukaza. Kati ya mwezi wa kwanza na wa tatu mtoto hujifunza kukiinua kichwa chake. Katika mwezi wa pili au wa tatu hugeuka atokako sauti, na hunyoosha mkono kushika kitu. Baada ya wiki ya 14 sindano hukoma kwa muda mrefu, na mama hupumzika.

MEZANI

Miezi 6 ni ya chakula. Maziwa ya mama peke yake yalitosha mpaka hapo. Sasa hayatoshi, ingawa yafaa yaendelee hata miaka 2 na zaidi. Mtaita ana bahati, maana kimanga, kile chakula cha maharagwe yaliyopondwa pamoja na muhogo au ndizi, ni chakula chema kwa mwili ukuao, kikilainishwa vizuri kwa kinywa kisicho na meno. Kliniki hutoa vitamini A kwa umri huo, kidonge cha buluu kikamuliwacho mdomoni, na baada ya mwaka mmoja kile chekundu, kila miezi 6 hadi mtoto atimize miaka 5. Vitamini hii hulinda macho, na hupunguza ukali wa surua kwa mtoto apatwaye nayo.

Kati ya miezi 5 na 9 mtoto hukaa bila kutegemezwa. Meno huanza kuchomoza. Katika sehemu nyingi za pwani mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu aliitwa kijego, akaogopwa, na katika siku za kale wako waliotendewa ukatili kwa ajili hiyo. Madaktari hawaoni lolote baya katika meno ya juu kutangulia. Meno ni meno.

Uzito wa mtoto mwenye afya huwa mara mbili ya uzito wa kuzaliwa afikapo karibu miezi 5, na mara tatu afikapo mwaka. Mama ambaye mstari wa mtoto wake umelala kijitabuni badala ya kupanda asingoje kuona mbavu. Kuna pia utepe wa rangi tatu unaozungushwa mkononi, kati ya bega na kiwiko, kwa watoto wa miezi 6 hadi miaka 5: ukionyesha kijani ni vema, manjano ni onyo, na nyekundu, yaani mkono ulio chini ya sentimeta 11.5, ni hatari ya kupelekwa hospitali siku hiyo.

KWA NINI SURUA HUNGOJA

Surua ndiyo ya kuogopwa kuliko nyingi. Hukaa hewani katika chumba hata saa mbili baada ya mgonjwa kutoka, na mgonjwa mmoja aweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga. Kabla ya chanjo yake kuenea, iliua watu wapatao 2,600,000 kila mwaka duniani. Wengine huiacha ikiwa imewapofua macho au kuwaziba masikio. Tena uchunguzi uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kwamba surua hufuta sehemu ya kinga ambayo mwili ulikuwa nayo kwa maradhi mengine, hata mtoto aliyepona hubaki mnyonge kwa muda mrefu.

Basi kama ni kali hivyo, mbona mtoto asichanjwe siku ya kuzaliwa? Sababu ni ile akiba ya mama. Chanjo ya surua ni virusi hai vilivyodhoofishwa. Kinga ya mama ikiwa bado imo damuni mwa mtoto, huvishika virusi hivyo na kuviua kabla mwili wa mtoto haujavisoma. Sindano imepigwa, mtoto amelia, kitabu kimeandikwa, na hakuna kilichopatikana. Ndiyo maana hungojwa miezi 9, wakati akiba imekwisha kupungua na ugonjwa bado haujawahi kumfikia. Umri huo ni wa mtoto anayesimama kwa kushika kitu, anayeanza kutamka sauti mbili tatu, na anayemlilia mgeni kwa kuwa sasa anajua nani ni wake na nani si wake.

Lakini hata kwa miezi 9 wako watoto ambao akiba yao haijaisha. Katika watoto 100 wanaochanjwa umri huo, kadiri ya 85 hupata kinga, na 15 hawaipati. Hapana awezaye kuwatambua hao 15 kwa kuwatazama. Mama yao anaamini wamekingwa. Kitabu chao kimejazwa. Mwuguzi naye hana kosa.

Sasa msomaji na afanye hesabu ndogo. Tuseme katika bonde moja huzaliwa watoto 100 kila mwaka, na wote, bila kukosa hata mmoja, wamepata sindano ya miezi 9. Mwaka wa kwanza wabaki 15 wasio na kinga. Baada ya miaka 5 wamekuwa 75, nao wamekaa pamoja katika madarasa yale yale, hulala kwa shangazi wale wale siku za mazishi na harusi. Mgeni mmoja mwenye surua akishuka Voi kutoka gari la moshi, ndio atakaowakuta. Wenye elimu hiyo husema kwamba surua haizuiliki mpaka watu 95 katika 100 wawe na kinga. Na hesabu hii haiwezi kufikiwa kwa sindano moja, hata wazazi wote wakitii.

Sindano ya miezi 18 haikuwekwa kwa ajili ya kuzidisha. Iliwekwa kwa ajili ya wale 15.

Tangu mwaka 2016 sindano hiyo huchanganywa na ya rubela, ugonjwa ulio mdogo kwa mtoto lakini mkubwa kwa mama mwenye mimba, kwa kuwa mtoto aliye tumboni aweza kuzaliwa kiziwi, au kipofu, au mwenye moyo wenye kasoro. Hivyo mtoto wa kiume wa miezi 18 anapochanjwa Mraru, humlinda dada asiyezaliwa bado.

SANDUKU LA BARIDI

Wako mama waliokwenda kliniki kwa siku iliyoandikwa wakaambiwa warudi siku nyingine. Hili ni jambo lenye uchungu, na yafaa lisemwe wazi pamoja na sababu yake.

Chanjo hukaa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8 za Sentigredi tangu kiwandani mpaka mkononi mwa mtoto. Katika nchi kama ya Voi kazi hiyo ni ngumu. Friji za mafuta ya taa na za gesi zilifanya kazi miaka mingi, na sasa za nguvu za jua zimeenea. Kutoka hapo dawa hubebwa katika masanduku yenye vipande vya barafu. Kila chupa ina alama ndogo ya mraba ndani ya duara. Dawa ikipata joto, mraba hukoleza rangi. Ukilingana na duara, chupa hutupwa. Baridi nayo ikizidi ni adui: chanjo ya pepopunda ikiganda huharibika, na ikiyeyuka tena huonekana nzima. Mwuguzi aliyefundishwa vema huitikisa chupa na kutazama jinsi masimbi yanavyotuama.

Udhaifu wa chanjo hai ndio huu. Ya surua na BCG huja zikiwa unga mkavu, na zikiisha kuchanganywa na maji yake hufaa kwa saa 6 tu, kisha hutupwa hata kama chupa imetumika kwa mtoto mmoja. Chupa ya surua mara nyingi ina sehemu 10. Ya BCG ina sehemu 20. Mwuguzi wa zahanati ndogo aonapo mtoto mmoja peke yake benchini huogopa kuifungua chupa, naye ameambiwa mara nyingi asipoteze dawa. Basi humwambia mama arudi siku ya wengi.

Kwa karatasi ya hesabu ameokoa sehemu 9. Kwa mama aliyelipa nauli, au aliyetembea tangu alfajiri, amepoteza siku, na huenda asirudi tena. Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba chupa ya surua ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, kwa sababu dawa iliyotupwa ni rahisi kuliko mtoto asiyekingwa. Ushauri huo ni wa busara, lakini mwuguzi ataufuata kwa moyo mkunjufu pale tu wakubwa wake watakapompa chupa za kutosha na kuacha kumhoji kwa ajili ya zilizotupwa. Kwa upande wa mama, liko jambo dogo lisaidialo: mabibi wa kijiji kimoja wenye watoto wa umri mmoja wakipatana siku, wakafika pamoja wanne au watano, chupa hufunguliwa bila maneno. Mabibi walioweza kununua basi hawashindwi na jambo hilo.

MTOTO AMKUMBUKAYE MWUGUZI

Kuna sababu nyingine ya miezi 18, isiyoandikwa katika taarifa. Mtoto wa wiki 6 hulia kidogo akanyonya, akasahau. Mtoto wa miezi 18 hasahau. Anatembea, wengi wao hutembea kati ya miezi 12 na 18, anajaribu kukimbia, anajua jina lake, anaonyesha kitu kwa kidole, ana maneno yake machache, na mojawapo ni hapana. Akiiona kanzu nyeupe mlangoni hushika shingo ya mama kwa mikono yote miwili. Mama huona huruma, na njiani kurudi huapa kimoyomoyo.

Wazazi wamejizidishia taabu hii wenyewe kwa kuwatisha watoto nyumbani: ukilia nitakupeleka udungwe sindano! Mtoto aliyelelewa kwa kitisho hicho atafanya nini aonapo sindano yenyewe? Ni heri asidanganywe wala asitishwe. Apakatwe na mama yake, mkono ushikwe imara, aambiwe kwamba itauma kidogo, kisha abembelezwe mara moja. Anyonyaye na anyonye hapo hapo, maumivu hupungua.

Kuogopa sindano si kwa watoto tu. Mtu wa mwisho duniani kupatwa na ndui ya asili alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, nchi ya Somalia, mwezi wa Oktoba 1977. Alifanya kazi mahali penye chanjo akaikwepa, kwa kuwa alidhani inauma. Alipona, na Mei 1980 dunia ikatangazwa kuwa imeondokewa na ndui. Baadaye mtu huyo alijitoa kuwahimiza Wasomali wenziwe wachanje watoto wao dhidi ya polio, akiwasimulia habari zake mwenyewe, na alifariki mwaka 2013 akiwa katika kazi hiyo.

Tena kwa miezi 18 mara nyingi mama hayupo. Yuko katika mkonge, au amekwenda Mombasa kutafuta kazi, na mtoto yuko kwa bibi milimani huku kijitabu kikiwa mjini katika mkoba wa mama. Bibi asingoje kijitabu. Ampeleke mtoto; mwuguzi ana daftari lake, na ataandika upya. Wala muda ukipita mtoto hakuharibikiwa: aliyekosa kwa miezi 18 aweza kupewa kwa miezi 20, au 30, na zile za nyuma hazianzwi upya.

Siku hiyo hiyo hupewa kidonge chekundu cha vitamini na dawa ya minyoo, na mwuguzi hutazama kama anatembea sawasawa na kama anasema. Mtoto asiyetembea peke yake baada ya miezi 18, au asiyegeuka aitwapo, hupelekwa kwa daktari mapema, maana masikio na miguu hutengenezeka vizuri zaidi utotoni. Mama aliyebaki nyumbani kwa kudhani sindano zimekwisha hulikosa jicho hilo pia.

Baada ya hapo kliniki haitamwita tena kwa sindano kwa miaka mingi. Ikiwa ni msichana, ataitwa kati ya miaka 10 na 14 kwa chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza kutolewa Kenya mwezi wa Oktoba 2019. Wakati huo atakuwa na viatu vya shule, na kijitabu chake, kama hakikuliwa na mchwa sandukuni, atakisoma mwenyewe.